Mtibwa, mechi za pointi zichezwe Manungu

Ikifika Aprili kalamu zinatoka. Kwenye vibanda umiza vya hapa Gairo vijana wanajaza karatasi: Mtibwa akishinda hii, yule akifungwa ile, hawa wakitoka sare, tunabaki. Tumezichoka hesabu hizo. Timu inayoanza kuhesabu pointi za kubaki mwezi Aprili ni kama mtu anayepanda kuezeka nyumba wakati mvua imeshaanza kunyesha.

Tuseme wazi: Mtibwa Sugar inaweza kubaki Ligi Kuu, tena bila kumtegemea mtu. Dawa yake inajulikana, ni ya bei nafuu kuliko mshambuliaji yeyote wa kigeni, na kila mwaka inapatikana sababu ya kuikwepa. Ichague uwanja mmoja wa nyumbani, iutunze, ikae hapo Agosti hadi Mei. Uwanja huo ni Manungu, kule Turiani.

Kumbukumbu bado ni mbichi. Mwaka 2021 Mtibwa iliponea kwenye mchujo wa kubaki Ligi Kuu dhidi ya Transit Camp. Mwaka 2022 ikarudi kwenye mchujo, safari hii na Tanzania Prisons, ikapona tena. Mtu mzima akiteleza mara mbili sehemu ileile huwa anaangalia anapokanyaga. Klabu ilishangilia kubaki, ikaendelea na mambo yake, na msimu wa 2023/24 ikashika mkia na kushuka baada ya zaidi ya robo karne ya Ligi Kuu. Mei 13, 2024 Yanga walikwenda Manungu, wakashinda 3-1 na kujihakikishia ubingwa palepale. Wageni waliimba, wenyeji walikuwa wanazama. Msimu uliofuata mkoa mzima wa Morogoro, kuanzia kwetu Gairo mpaka Malinyi, haukuwa na timu hata moja ya Ligi Kuu.

Na hii si timu ndogo iliyopita njia. Ni bingwa wa Bara wa mwaka 1999 na 2000. Ni bingwa wa Kombe la Shirikisho la TFF mwaka 2018, aliyeifunga Singida United pale Arusha. Ni bingwa wa Mapinduzi wa Januari 2020, aliyeifunga Simba fainali. Iliposhuka haikukaa sana, ilichukua ubingwa wa Championship msimu wa 2024/25 na kurudi. Klabu ya namna hiyo kuishi kwa roho juu kila Mei ni jambo la kukasirisha, na sisi tumekasirika.

Sasa twende kwenye hesabu, lakini za Agosti. Ligi ina timu 16, kila moja inacheza mechi 30, kati ya hizo 15 nyumbani. Wawili wa mwisho wanashuka moja kwa moja. Wa 13 na wa 14 wanachujana, anayeshindwa anakutana na timu ya Championship. Kwa misimu ya karibuni timu zilizoangukia kwenye mchujo zimekuwa zikimaliza na pointi zinazozunguka 30. Kwa hiyo weka lengo la 35.

Pointi hizo zinatoka wapi? Katika mechi 15 za nyumbani toa Simba, Yanga, Azam na Singida Black Stars. Zimebaki 11, zote na timu za kiwango chako. Shinda saba, hizo ni pointi 21. Toka sare mbili, zinakuwa 23. Ugenini tafuta ushindi mara mbili na sare sita, unapata 12. Jumla 35. Hatujamfunga Simba wala Yanga, hatujafanya muujiza wowote. Tumeshinda tu mechi saba kwetu, dhidi ya watu wanaotuogopa kama tunavyowaogopa sisi.

Ndiyo maana suala la uwanja ni suala la kubaki au kushuka, na tunashangaa linavyochukuliwa kama jambo la mtunza vifaa. Kwa miaka mingi nyumbani kwa Mtibwa kumekuwa Manungu, halafu Jamhuri mjini Morogoro, halafu kwingineko, halafu Manungu tena. Hata hapa Gairo tumewahi kuipokea, Uwanja wetu wa CCM ukawa uwanja wa nyumbani wa timu ya Turiani.

Tuliifurahia. Mji mdogo wa barabarani kuona mechi ya Ligi Kuu kwa macho ni jambo kubwa, na mama lishe na waendesha bodaboda walipata chochote. Lakini tuulizane kama majirani: ile ilikuwa nyumbani kwa nani?

Kutoka Turiani mpaka Gairo ni zaidi ya kilomita 100. Basi linatoka Manungu, linakuja Magole na Dumila, linaingia barabara kuu ya Dodoma, linapanda mpaka huku juu. Wachezaji wanalala gesti kama wageni. Wametoka kwenye joto na unyevu wa mashamba ya miwa chini ya milima ya Nguru, wanafika mahali pakavu, ardhi ngumu, na upepo wa Gairo ambao mwenyeji peke yake ndiye anaujua. Kipa akipiga mpira mrefu kuelekea upande wa upepo unamrudia. Beki anauhesabu mpira wa juu, unamzidi. Aliyekulia hapa anajua kwamba jioni unacheza chini, pasi fupi, na kipindi cha upepo nyuma yako ndicho cha kupiga mashuti ya mbali. Wachezaji wa Mtibwa walijulia wapi hayo? Walikuwa wageni sawasawa na waliokuja kucheza nao. Timu mbili ngeni zikikutana, faida ya nyumbani inakuwa imeachwa Turiani pamoja na mashabiki.

Manungu ni kitu kingine. Uwanja uko ndani ya eneo la kiwanda. Wafanyakazi wanatoka zamu wanaingia jukwaani. Wachezaji wanaishi na kufanya mazoezi hapo, wanajua ni kona gani inashika maji na ni upande gani mpira unakimbia. Januari 2022 Simba, mabingwa watetezi, walitoka Manungu na sare tasa. Mtibwa ya msimu huo ilikuwa dhaifu, ndiyo ileile iliyoishia kwenye mchujo, na bado bingwa hakupata bao. Kweli, mwezi uliofuata Yanga walishinda hapohapo, na tumeshataja ya Mei 2024. Uwanja hauchezi mpira. Ila mechi tunazozungumzia si za Yanga. Ni zile 11.

Kama mtu anataka mfano, aende Ruangwa. Namungo ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019 ikitokea mji mdogo wa mkoa wa Lindi ambao wengi walikuwa wanauulizia njia. Ilikuwa na Uwanja wa Majaliwa na ikautumia. Msimu wake wa kwanza ilimaliza ya nne, ikafika fainali ya Kombe la TFF, na mwaka uliofuata ikaingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ilikuwa na wachezaji wazuri, hilo hatubishi. Lakini kila timu iliyofunga safari ya Ruangwa ilijua inakwenda kwa watu, na wenyeji walijua wanalala kwao.

Visingizio tunavijua vyote. Cha kwanza ni mapato ya mlangoni: Simba na Yanga wakija, mjini kuna watu wengi. Sawa. Kama kanuni zinaruhusu na Bodi ya Ligi imekubali mapema, chukueni mechi hizo mbili, pelekeni Jamhuri, kusanyeni fedha. Hatutagombana. Lakini mechi ya Mtibwa na Prisons, au na Mashujaa, au na Coastal Union, inahamishwa kwa faida gani? Mapato yake ni madogo popote itakapochezwa. Pointi zake tatu ndizo zinazoamua kama msimu ujao kutakuwa na mgawo wa fedha za televisheni au hakuna. Mkataba wa Azam Media uliosainiwa mwaka 2021 ni wa Sh225.6 bilioni kwa miaka 10. Anayeshuka anaiacha meza hiyo. Linganisheni na viingilio vya mchana mmoja.

Kisingizio cha pili ni hali ya uwanja. Bodi ya Ligi imekuwa ikivifungia viwanja vya klabu mbalimbali pale eneo la kuchezea linapoharibika, na inafanya vizuri. Hapa ndipo uvumilivu wetu unapoisha. Mtibwa ni kiwanda cha sukari. Kina mashamba makubwa ya miwa, kina watu waliosomea udongo, kina matrekta, kina mitaro na pampu za umwagiliaji, na maji ya Wami na Diwale yapo jirani. Taasisi inayoweza kustawisha miwa mpaka upeo wa macho haiwezi kuja kutuambia kwamba nyasi za uwanja mmoja zimeishinda. Hiyo si kazi ya mamilioni yasiyopatikana. Ni kazi ya mtu mmoja anayejua nyasi, mwenye vibarua wachache, mashine ya kukatia, rola, na amri kwamba hakuna sherehe wala bonanza linalofanyika juu ya uwanja wiki ya mechi. Kwa sababu masika Turiani hayana utani, mifereji ya kutolea maji ichimbwe Juni na Julai, si Machi wakati mechi za lala salama zimeshaanza na maji yamesimama golini.

Kisingizio cha tatu kina ukweli zaidi, nacho ni kikosi. Mtibwa inalima wachezaji na wengine wanavuna. Mwaka 2016 Simba ilimchukua Shiza Kichuya, Muzamiru Yassin na Mohamed Ibrahim kwa mkupuo mmoja. Baadaye Yanga ikawachukua Kibwana Shomari, Dickson Job na kipa Abuutwalib Mshery. Ukitolewa uti wa mgongo hivyo, lazima uyumbe. Hatusemi wasiuzwe, kijana akipata riziki aende. Tunasema asiuzwe kabla mrithi wake hajacheza walau mechi kadhaa. Klabu hii ina timu ya vijana wa chini ya miaka 20 iliyowahi kutwaa ubingwa wa nchi, kwa hiyo warithi wapo. Wapeni dakika mwezi Septemba, msiwatupe uwanjani Aprili timu ikiwa ya 15 na jukwaa linazomea. Kijana anayelelewa Manungu na kucheza Manungu anakua haraka. Ukimzungusha viwanja vitatu kwa msimu, kila Jumamosi anaanza upya.

Kuna watakaotujibu kwa Kagera Sugar. Kweli, wenzetu wa Misenyi, klabu ya kiwanda cha wamiliki walewale, walikuwa na Kaitaba yao pale Bukoba na bado walishuka mwaka 2025. Tumelifikiria hilo. Kukaa nyumbani hakutoshi kama timu haifungi. Lakini timu isiyofunga na isiyo na nyumbani inashuka mapema zaidi. Waanze na lile lililo mikononi mwao. Mfungaji mzuri unaweza kumkosa sokoni. Nyasi huzikosi.

Mkoa huu umeshazika timu za kutosha. Reli, ile Kiboko ya Vigogo, watoto wa leo wanaisikia kwa baba zao. Polisi Morogoro ilipata msimu wake wa 2014/15, ikashuka. Kila mara tulisikitika, tukalaumu waamuzi, tukalaumu ratiba, tukahamia kushabikia timu za Dar es Salaam. Pita stendi yetu hapa Gairo uangalie jezi: nyekundu na kijani, kijani na nyekundu. Kijana wa Rubeho au Chakwale mwenye kipaji anahitaji klabu ya Ligi Kuu ambayo anaweza kufika kwenye majaribio na kurudi kwao kwa nauli ya kawaida. Klabu hiyo kwa sasa ni moja tu.

Kwa hiyo ombi letu kwa uongozi ni hili. Kabla ratiba haijatoka, waiandikie Bodi ya Ligi kwamba mechi za nyumbani ni Manungu, wakaguzi waitwe mapema, na kasoro watakazoziona zirekebishwe kabla ya Agosti. Wamtaje hadharani anayehusika na uwanja, ili ukifungiwa tujue wa kumuuliza. Na mechi isihamishwe tena zikiwa zimebaki siku mbili.

Gairo tutaipenda Mtibwa bila kuletewa mechi. Wakitaka kutukumbuka walete michezo ya kirafiki ya Julai na timu yao ya vijana, uwanja upo na watu watajaa. Zikianza za pointi, sisi tutapanda magari mpaka Dumila na kukata kushoto kwenda Turiani kulijaza jukwaa. Wakishuka tena, wasiseme hatukuwaambia.