Polka, makande na ngoma ya bibi

Nilikuwa kimya kidogo, si mnajua tena mambo ya test na boom kuchelewa.

Juzi hosteli tulikuwa tunabishana kuhusu usiku wa utamaduni. Kila mtu anajitapa na ngoma ya kwao. Ilipofika zamu yangu jamaa mmoja akadakia: "Wapare ngoma yao ni mahakamani!" Tukacheka wote. Utani wenyewe hauniumi. Mwaka 1945 wazee wetu walishuka milimani kwa maelfu hadi Same mjini kupinga kodi ya mbiru ya mkoloni, kwa hiyo kudai haki kwetu ni sifa. Kilichoniuma ni kwamba walipouliza, "Haya, tuonyeshe hatua moja," nilikaa kimya.

Nikakumbuka harusi ya Desemba kule Mamba. Bibi alinivuta kwenye duara, mimi nikasimama kama nguzo, nimeshika simu narekodi. Akaniambia, "Mjukuu wangu, hiyo simu ndiyo itacheza?"

Usiku ule rafiki yangu akanionyesha video ya Wamarekani wenye asili ya Poland wakicheza polka, wazee kwa watoto. Nikasoma zaidi. Kumbe polka haikuanzia Poland! Ilitokea Bohemia, Ucheki ya leo, kwenye miaka ya 1830. Poland wana mazurka na krakowiak zao. Lakini wajukuu wa wahamiaji kule Chicago na Milwaukee waliipenda polka, wakaifanya yao.

Wengine watawacheka. Mimi siwacheki, maana sisi tuna makande. Mahindi na maharage yote asili yake ni Amerika, lakini jaribu kumwambia mama wa Same kwamba makande si chakula cha Kipare uone! Kitu kinakuwa chako kwa sababu unakipika na kukila kila wiki na wenzako. Kwa hiyo hoja ya kwamba ngoma zetu zimechanganyika na za Wasambaa, eti basi hazina haja, mimi siikubali.

Kuna watakaosema huu ni ukabila. Jamani! Ukipanda basi Same kwenda Arusha unapita Tengeru. Pale, kuanzia 1942, waliishi wakimbizi wa Poland wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliokuwa wamepelekwa Urusi kwa nguvu na kufika huku kupitia Iran. Walijenga kanisa, wakafungua shule na kufundisha watoto lugha yao chini ya Mlima Meru. Makaburi yao yapo hadi leo. Hawakuwa wanamdharau mtu, walikuwa wanajishikilia wasipotee. Na Mwalimu Nyerere, adui mkubwa wa ukabila, mwaka 1962 alisikitika kwamba tunajua rumba na chachacha lakini hatujui ngoma zetu wenyewe.

Kipimo changu ni kimoja tu: mgeni akija, duara linafunguka au linafungwa? Likifunguka hiyo ni fahari. Likifungwa ndiyo ukabila.

Tatizo letu ni kwamba ngoma tumemwachia mgeni rasmi. Watoto wa shule wanafundishwa wiki moja, wanacheza akishuka kwenye gari, kisha njuga na kaniki zinarudi stoo. Polka imedumu kwa sababu inachezwa harusini na Jumamosi za kawaida, bila mgeni rasmi yeyote.

Sisi wa ualimu tunaenda mazoezi ya kufundisha hivi karibuni. Nikipangiwa Same nitaomba kipindi kimoja cha Ijumaa, bibi mmoja wa kijijini aje afundishe, na watoto wote waingie: Mpare, Mmasai, Mchaga, Msambaa. Wacheze wenyewe, wasikae kutazama. Najua kuna mitihani na silabasi haiishi, lakini dakika arobaini kwa wiki hazimfelishi mtoto.

Kabla ya hapo nina deni. Chuo kikifungwa napanda Mamba. Simu itabaki kwenye begi, na bibi ataanza na mimi.

Haya wadau, wewe hatua za kwenu unazijua, au unazo kwenye simu tu? Tuonane wiki ijayo.