Siku 17 Ambazo Sinema Haikuzionyesha

Sinema iitwayo The Delta Force, iliyoongozwa na Menahem Golan mwaka 1986, imezeeka. Askari akiitazama leo pamoja na jamaa yake, vijana wakubwa watacheka atakapotokea Chuck Norris juu ya pikipiki ifyatuayo makombora mbele na nyuma, huku risasi za adui zikimkosa zote. Muziki nao ni ule wa vinanda vya umeme, unaorudiwa hata kuchosha masikio.

Mtoto mdogo lakini hacheki. Yeye huamini, na hapo ndipo ilipo kazi ya mzazi.

Hadithi hiyo ilitokana na jambo la kweli. Tarehe 14 Juni, 1985, ndege ya shirika la TWA, safari namba 847, ilitekwa nyara baada ya kuondoka Athens kwenda Roma. Ilirushwa huku na huko baina ya Beirut na Algiers, na askari mmoja wa jeshi la maji la Marekani akauawa. Mpaka hapo sinema haiko mbali na ukweli. Kisha makomando wanaingia Beirut, wanaangusha maadui kwa makumi, na kuwakomboa mateka kwa bunduki.

Shambulio hilo halikutokea kamwe. Mateka 39 wa mwisho waliachiliwa tarehe 30 Juni, baada ya siku 17 za vitisho na mazungumzo. Kule Algiers watekaji walipodai mafuta, mhudumu mkuu wa ndege, Uli Derickson, aliyesema nao kwa Kijerumani, aliyalipia kwa kadi yake mwenyewe. Filamu ya televisheni juu yake ilitolewa mwaka 1988; nayo haina pikipiki.

Golan alikwisha kuigusa habari ya namna hii. Mwaka 1977 alitoa Operation Thunderbolt, juu ya mateka waliokombolewa Entebbe usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai, 1976. Huko shambulio lilikuwa la kweli, na askari wa Uganda waliokufa usiku ule nao walikuwa na watu wao nyumbani, jambo ambalo sinema za ushujaa hazina nafasi nalo.

Hata hivyo, katika The Delta Force pana kipande kimoja kisichozeeka. Ndani ya ndege ya kurudi, abiria waliookolewa wanaimba na kunywa bia. Hatua chache kutoka hapo komando mmoja anakata roho kwa majeraha, na mwenziwe ameketi kando yake. Mke wa askari hatahitaji kuelezwa kipande hicho.