Kabla Shoka Halijagusa Mpingo

Ndugu zangu wanavijiji wa Kilwa, Liwale na Nachingwea, msimu wa kusafisha mashamba haujaanza. Naomba tusikilizane kuhusu mpingo.

Wengi wetu tunaamini kwamba mti ukiota shambani mwako ni wako, ukitaka uangushe. Kwa mwembe, sawa. Kwa mpingo, mninga na mvule, hapana. Hii ni miti iliyohifadhiwa chini ya Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002, na hifadhi hiyo inaifuata hata ikisimama peke yake katikati ya mihogo. Kuikata au kuiharibu bila kibali ni kosa.

Wanaotuponza ni wanunuzi wa usiku. Mtu anakuja na pikipiki, anakupa fedha ya unga, na kabla ya alfajiri gogo limeondoka. Stakabadhi hakuna, mrabaha haukulipwa, kijiji hakikupata hata shilingi. Akikamatwa njiani atasema aliuziwa na wewe. Na mti wenyewe ulihitaji miaka 70, pengine 100, kufikia unene wa kuvunwa. Babu yako aliupita ukiwa mche. Kiini chake cheusi ndicho Wamakonde wanachochongea vinyago, ndicho kinachotengenezewa klarineti na obo huko Ulaya. Thamani hiyo mnunuzi anaijua. Sisi tunauza gizani.

Sheria hiyohiyo imetupa njia ya kuuza mchana. Kijiji kinaweza kutenga msitu wake, kikaandaa mpango wa uvunaji na sheria ndogo, mkutano mkuu ukazipitisha na halmashauri ya wilaya ikaziidhinisha. Hapo mnunuzi anaanzia kwa kamati ya maliasili, miti inapimwa na kuwekwa alama, na fedha inaingia akaunti ya kijiji. Jirani zetu wa Kikole na Kisangi, Kilwa hapahapa, walipita njia hii hadi misitu yao ikaingizwa kwenye cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, mwaka 2009. Hawakuwa na mpingo mweusi kuliko wetu.

Basi twendeni mkutanoni. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu, usipoitishwa, tuudai. Tukifika tuulize: mipaka ya msitu wetu imeandikwa wapi? Nani yumo kwenye kamati? Mapato yalisomwa lini? Nawaomba hasa kina mama mwende na mseme, maana wanaokwenda kuni ndio wanaokiona kisiki kipya kabla ya kiongozi yeyote.

Na huko shambani, tunapofyeka, tusirundike majani chini ya mpingo na kuwasha. Moto wa mwisho wa kiangazi hujeruhi shina, uozo ukaingilia hapo, na gogo lenye tundu halina bei. Vichipukizi vyenye miiba vinavyotoka mizizini tuviache pia. Vinaudhi kwenye palizi, najua, lakini ndivyo mpingo unavyojirudisha.

Ukikuta kisiki kibichi kisicho na alama ya nyundo ya misitu, usimkabili mwenye msumeno peke yako. Shika namba ya gari, kumbuka mahali, na siku hiyohiyo mwambie mwenyekiti wa kitongoji mbele ya shahidi.