Kigali–London ni masaa tisa, sisi tunahesabu miaka

Andika Kigali, andika London, simu inakujibu hapo hapo: zaidi ya kilomita 6,500, masaa kama tisa kwa ndege isiyotua njiani. Unapanda usiku Kanombe, asubuhi uko Heathrow.

Hesabu hiyo ni ya kweli, lakini si yetu.

Kambi ya Kiziba ilifunguliwa mwaka 1996. Mtoto aliyezaliwa pale mwaka uliofuata leo ni mtu mzima, pengine naye ana watoto. Kati yetu wapo walioingizwa kwenye mpango wa kuhamishiwa nchi ya tatu: wakahojiwa, wakapimwa afya, wakaambiwa "subirini". Vipimo vikapitwa na muda, wakaanza upya. Hiyo safari ni ya masaa mangapi?

Tunaambiwa shida ni nafasi. Nafasi ipi, jamani? Tarehe 14 Juni 2022 serikali ya Uingereza ilikodi ndege nzima kuwaleta Kigali watu wachache waliokwenda kwao kuomba hifadhi. Mamia ya mamilioni ya pauni yalitumika kwenye mpango ule. Usiku ule ndege haikuruka, ila si kwa sababu ya umbali. Iliingiliwa na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Novemba 2023, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza nayo ikasema mpango wenyewe unavunja sheria.

Kwa hiyo ndege ya kumfukuza mkimbizi inapatikana. Hata ya kumwokoa inapatikana wakitaka: Septemba 2019 watu 66 walitolewa Libya, wakaletwa hapa, wakapokelewa Gashora. Njia ya angani ipo. Kinachokosekana ni utashi.

Halafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Waliokuwa na tarehe ya safari wakafutiwa. Wengine walikuwa wameshauza vitu na kugawa magodoro kwa majirani. Unarudije kwa jirani kudai godoro?

Ndugu zetu wa mashirika, tunajua nafasi hampangi nyinyi, zinapangwa na nchi. Lakini kunyamaza ni uamuzi wenu. Tunaomba mambo matatu. Kila familia ipewe kwa maandishi kesi yake imefikia wapi. Kesi ikifungwa, tuambiwe siku hiyo hiyo, na sababu itajwe. Na neno "subirini" lisitamkwe tena bila tarehe. "Hapana" inauma, ila mtu akishaisikia anapanga maisha. "Subirini" inamla mtu miaka.

Na sisi vijana tujisemee ukweli. Wangapi tumekataa kozi ya ufundi au kuacha kufungua kibanda kwa kuwa "tunaondoka karibuni"? Tusome, tufanye kazi, tuoe na kuolewa hapa hapa. Ndege ikija, itatukuta tuna cha kubeba.