Ladha Haikui, Huona Haya

Iko kauli iliyozoeleka mno katika mabaraza yetu, na sisi tutungao mashairi ndio wapiga debe wake wakubwa: kwamba masikio ya binadamu hukomaa pamoja na umri wake. Mtoto, tunaambiwa, hupenda kelele. Kijana hupenda dansi. Mtu mzima hufika kwenye taarabu akatia nanga. Mimi naikataa kauli hiyo. Nimezipita ngazi zote hizo pale Bagamoyo, wala sikumbuki kukua. Nakumbuka kuona haya.

Penzi langu la kwanza lilikuwa mdundiko. Ngoma hiyo ya Wazaramo haikai uwanjani ikangoja watazamaji. Hupita mitaani, na aipendaye huifuata. Siku moja niliifuata kutoka Magomeni hadi njia ya Kaole, na niliporudi magharibi bakora ilikuwa ikinisubiri, kwani mtoto wa chuoni hafuati ngoma. Dufu la maulidi niliruhusiwa. Zikri ya Kadiria wakati wa ziara ya Shehe Ramiya niliruhusiwa pia, na hakuna aliyetaka kujua kwa nini mwili wangu uliyaitikia mapigo yale kwa namna ileile. Basi mdundiko nikauacha. Umri haukuhusika, bakora ndiyo iliyohusika.

Nilipofika sekondari haya ilikuja kwa sura nyingine. Ngoma, tukasema, ni ya washamba. Msomi husikiliza dansi kupitia Radio Tanzania. Mlimani Park ilipoanzishwa mwaka 1978, ikauita mtindo wake Sikinde, nikawa shabiki wa kufa na kupona. Sikinde, msomaji, ni jina la ngoma ya Wazaramo haohao. Nilikuwa nimerudi nyumbani kwa mlango wa uani, nimevaa suruali pana, nisijue. Taarabu nayo niliisikiliza kwa siri, nimesimama nyuma ya dirisha la nyumba ya harusi, kwa kuwa tuliihesabu kuwa mambo ya wanawake. Mvi zilipotoka, hofu ya kuchekwa ikaondoka, nikamsikiliza Siti binti Saad hadharani. Wenzangu wakasema nimekomaa!

Na huyo Siti tumemfanya bibi wa heshima tukasahau alikotoka. Binti wa wafinyanzi wa Fumba, aliichukua taarabu iliyoimbwa kwa Kiarabu katika majumba ya wakubwa, akawaimbia watu wa Ng'ambo kwa Kiswahili, hata mwaka 1928 akavuka bahari kwenda Bombay kurekodi sahani za santuri. Muziki tunaouita leo wa watu wazima ulikuwa muziki wa wachukuzi na wachuuzi.

Sasa tunawashambulia watoto wa singeli. Muziki huu umetoka Manzese na Tandale. Mzazi wake ni mchiriku, na mchiriku ulitokana na ngoma za Wazaramo zilizokutana na vinanda vidogo vya bei rahisi. Umekwenda kasi, naam, mapigo mia mbili na zaidi kwa dakika. Lakini atakayeketi akayasikiliza mapigo yale bila hasira atakutana na jamaa wa zamani. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, na watu wa Ulaya wakaanza kuucheza muziki ambao sisi tunauzima harusini.

Najua jibu: maneno yake ni machafu. Mengine ni machafu kweli, wala siyatetei. Ila Bi Kidude alikuwa somo wa unyago miaka mingi, akiimba maneno ambayo hakuna mhariri wa jarida hili angethubutu kuyachapa, na alipofariki mwaka 2013 sote tulimlilia. Kumbe uchafu nao husafishwa na uzee. Hata neno lenyewe la zilipendwa hunikera: nani aliyeacha kuzipenda?

Hivi karibuni nilihudhuria harusi huko Bunju. Kijana wa miaka kama kumi na minne alikuwa akipiga singeli kwenye spika zake, na watoto wamemzunguka. Wazee wakaamuru zizimwe. Alisimama kando ya nyaya zake, uso umemshuka, na uso ule niliutambua: ni wa mtoto aliyerudi kutoka njia ya Kaole. Nilikuwa mmoja wa wazee wale. Sikutoa amri, lakini sikufungua kinywa.

Baadaye nilimwomba anirushie nyimbo mbili kwenye simu. Alinitazama kwa shaka, akanirushia. Jana jioni nilizisikiliza barazani, sauti nikiwa nimeipunguza, mguu ukipiga sakafu wenyewe. Jirani yangu akapita akabisha hodi. Kabla sijamjibu karibu, nilikwisha kuizima simu.