Msichana, hesabu na bidoni la maji

Tangu Septemba 2019 elimu ya msingi ni ya bure katika shule za serikali nchini Kongo. Ni hatua kubwa, lakini haifiki nyumbani. Mjini Goma, masomo yakiisha, mvulana anashika daftari ao mpira. Dada yake anabeba bidoni hadi Ziwa Kivu, kisha sufuria, kisha mtoto mgongoni. Daftari atalifungua usiku, umeme ukiwepo. Akikosa hesabu, wanadai wasichana hawana kichwa cha hesabu, na kwenye sekondari anasukumwa upande wa ushonaji. Hata darasani, wako walimu wanaomwita mvulana ubaoni na kumpa msichana ufagio. Wazazi wagawe bidoni hilo: leo kaka, kesho dada. Walimu nao wagawe chaki.