Chakula kinapogoma kushuka, si kila mara ni vidonda vya tumbo

Mama anamega tonge la ugali wa muhogo, anatafuna muda mrefu, kisha anaomba maji ya kusukumia. Baada ya wiki kadhaa anaacha ugali na kubaki na uji. Mwishowe anakula peke yake jikoni, maana anaona aibu kucheua mbele ya wakwe na watoto. Nyumbani wote wanajua ana vidonda vya tumbo.

Msomaji wetu wa Nyabibuye, wilayani Kakonko, ametuandikia kuhusu hali kama hii na anauliza: hiyo ni saratani?

Huenda, lakini si lazima. Umio, yaani mrija unaopeleka chakula tumboni, una urefu wa sentimita kama 25. Mwisho wake kuna msuli ulio kama mlango: unalegea chakula kikifika, kisha unajifunga. Katika ugonjwa uitwao akalasia, neva za umio hufa. Mlango haulegei, na mrija nao hauna tena nguvu ya kusukuma. Ndiyo maana mgonjwa wa akalasia mara nyingi hukwamwa na maji pia, tangu mwanzo. Akilala usiku, chakula cha mchana hurudi kilivyo, kingine kikaingia njia ya hewa. Anakohoa, watu wanadhani ni pumu au kifua kikuu.

Akalasia ni nadra. Kwa mwaka hugundulika kwa takriban mtu 1 kati ya 100,000. Saratani ya umio kwetu si nadra. Ukanda wa mashariki mwa Afrika, Tanzania ikiwemo, ni kati ya maeneo yenye wagonjwa wengi zaidi duniani. Yenyewe huanza kwa kuzuia chakula kigumu, kisha laini, kisha maji, ndani ya miezi michache tu, na mwili hupungua haraka. Pombe na sigara huchangia. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilisema vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 huenda navyo vinasababisha saratani hii. Basi chai ya mzee ipoe kwanza, hata akinung'unika.

Hata hivyo usijaribu kutofautisha magonjwa haya nyumbani, maana kuna saratani inayojifanya akalasia. Kipimo cha kwanza ni kamera inayopitishwa mdomoni, wengi hukiita OGD. Kisha mgonjwa hunywa dawa nyeupe ya bariamu na kupigwa eksirei. Kwenye akalasia umio huonekana umetanuka juu na kuchongoka chini kama mdomo wa ndege. Kipo pia kipimo cha msukumo wa umio, manometria, ila si cha kila hospitali.

Anzeni zahanati na muombe barua ya rufaa: wilaya, kisha Maweni kule Kigoma mjini, na ikibidi Bugando, Mwanza. Najua nauli ya kupitia Nyakanazi hadi Mwanza si mchezo. Lakini mtu anayekwamwa na chakula na kukonda, kwa maoni yangu, fedha ya dozi ya tatu ya vidonda vya tumbo afadhali iwe nauli. Kukata kimeo nako hakusaidii. Kimeo kiko juu kooni, tatizo liko chini kifuani.

Ikithibitika ni akalasia, neva hazirudi, ila mlango unaweza kufunguliwa. Karne ya 17 daktari Mwingereza Thomas Willis alimpa mgonjwa wake mfupa wa nyangumi wenye sponji mwishoni, awe anasukuma chakula mwenyewe. Leo madaktari hutumia puto linalojazwa hewa ndani ya umio, na wakati mwingine hulazimika kurudia. Au hukata msuli kwa upasuaji alioufanya kwanza Mjerumani Ernst Heller mwaka 1913. Siku hizi unaweza kufanyika kupitia matundu madogo tumboni. Baadaye kiungulia huweza kuanza, na kina dawa yake.

Jambo moja kabla ya OGD: kwa kawaida mgonjwa hufunga saa 6 hadi 8. Mwenye akalasia anaweza kuwa na chakula cha jana ndani ya umio, kikapanda wakati wa kipimo na kuingia kwenye mapafu. Mwambieni muuguzi mapema kwamba chakula hukwama na kurudi. Anaweza kuagiza mgonjwa anywe vitu vya majimaji tu kwa siku moja au mbili kabla.